Gari Linapokosa Pumzi

Wasomaji wa gazeti letu, wengi wenu mmepata kuupanda mlima Senjele mkitoka Mbeya kuja huku kwetu Mbozi na Tunduma. Malori ya Zambia na Kongo hutambaa pale kama siafu, na dereva asiye na gari lenye nguvu hupata taabu. Katika likizo iliyopita nilikuwa ndani ya gari la baba yangu tulipofika hapo. Ni gari dogo la Kijapani lililoundwa mwaka 1998. Baba alikanyaga mafuta hata mwisho, nayo injini ikanguruma kama mtu aliyezibwa mdomo, na mwendo ukazidi kupungua. Nyuma yetu palikuwa na lori refu, honi haikomi. Tulikuwa watu watano na magunia mawili ya mahindi. Bahati palikuwa na nafasi kando ya barabara, tukajitupa huko.

Nataka kuueleza ugonjwa huo, maana wenye magari ya zamani wengi huutibu kwa kununua vitu visivyotakiwa. Baba mwenyewe alikwisha kununua pampu ya mafuta, kisha ya pili, kwa fedha za kahawa. Wala pampu haikuwa na kosa.

Yafaa kwanza tujue kwamba injini hupumua. Huvuta hewa na petroli, huvichoma, kisha hutoa moshi kwa bomba la ekzosi. Moshi usipopata njia, sehemu yake hubaki ndani ya silinda, na hewa mpya hukosa mahali pa kuingia. Mwenye kutaka ushahidi na apande mlima huku akitoa pumzi kwa mrija mwembamba.

Katika bomba hilo mna kopo la chuma ambalo mafundi wetu huliita masega. Jina limefaa sana, kwani ndani mna udongo wa kuchomwa wenye vitundu vyembamba mamia kwa mamia, mfano wa sega la nyuki. Vitundu hivyo vimepakwa platini, paladiamu na rodiamu kidogo sana. Gesi zenye sumu zipitapo humo, kama kaboni monoksaidi, hugeuzwa kuwa kaboni dayoksaidi, mvuke wa maji na nitrojeni. Mfaransa mmoja, Eugene Houdry, aliyehamia Marekani, alikishughulikia chombo hiki katika miaka ya 1950. Lakini petroli ya siku zile ilitiwa risasi, na risasi huyaharibu madini hayo, kwa hiyo hakikuenea mpaka magari ya Marekani yalipoanza kufungwa masega kwa wingi mwaka 1975. Katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara petroli ya risasi ilikomeshwa mwanzoni mwa mwaka 2006.

Tulipofika Tunduma tukiwa twajikokota, baba alilipeleka gari kwa fundi mmoja mzee. Yeye hakufungua kitu. Aliuliza tu.

“Asubuhi linawaka vizuri?”

“Linawaka, fundi.”

“Na mjini, mwendo wa polepole?”

“Halina neno. Shida ni mlimani, na kadiri ninavyokanyaga ndivyo linavyokataa.”

Mzee akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza mimi, niliyekaa mbele, kama miguu yangu ilipata moto. Kweli ilipata, nami nilidhani ni jua. Kopo lililoziba huweza kupata moto kupita kiasi, na joto hupanda mpaka sakafuni.

Aliweka kiganja mbali kidogo na mdomo wa bomba, akasema pumzi ni dhaifu, ila akatuonya kuwa dalili hiyo pekee haitoshi, maana masega yaliyoziba nusu bado hupumua. Akaleta geji ya kupimia mvuto wa hewa, akaiunga kwenye mrija mdogo wa njia ya kuingizia hewa. Hapa ndipo somo letu la Fizikia lilipokuja mbio kichwani. Pwani, injini nzima ikinguruma bila kukanyagwa huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki. Tunduma iko juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1,500, na kila meta 300 hupunguza kama inchi moja, basi kwetu inchi 13 au 15 si ugonjwa. Fundi asiyelijua hilo aweza kuivunja injini nzima bure. Geji yetu ilisimama 14. Mzee akapandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, akaishikilia hapo. Katika gari zima mshale huanguka kidogo kisha hurudi. Wetu ulirudi kidogo, halafu ukaanza kushuka polepole, 12, 10, 8, kama maji katika ndoo iliyotoboka.

Jaribio la mwisho lilifanywa bomba lilipokwisha kupoa. Alifungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, moshi ukapata tundu la kutokea. Tukaendesha kama meta 200 tu, kwa kuwa moshi ule wa moto huunguza waya. Kelele ilikuwa kubwa, lakini gari liliruka kama mbuzi.

Kopo lilipofunguliwa, udongo ulikuwa umeyeyuka na kuganda. Baba alitaka kufunga jingine mara moja, mzee akamzuia. Waya moja ya plagi ilikuwa imepasuka, cheche ikivuja, na petroli isiyoungua ilikuwa ikienda kuungulia ndani ya masega. Kufunga jipya bila kuibadili waya ile ni kulichoma na hilo.

Mtu mmoja pale akatoa bei ndogo mno kwa lile kopo bovu. Mzee akacheka, akamwambia baba platini haiyeyuki ovyo hata udongo ukiyeyuka, basi asiuze kabla ya kuulizia kwingine.

Sasa Senjele twaipanda bila kupigiwa honi. Wakati wa kiangazi baba haegeshi tena juu ya majani makavu, kwa ajili ya joto la kopo hilo. Pampu zile mbili za zamani zimo kabatini, na ile ya pili bado yatafutiwa mnunuzi.