Ndinga ya Kulala: Oya, Usipigwe Kimeo

Oya mwana, kaa pale Mikumi barabarani uone mambo. Land Cruiser yenye hema juu, Hiace iliyopandishwa paa, ndani kitanda, jiko, friji. Watu wanatoka Cape Town wanapandisha hadi Nairobi, wanalala humohumo. Bata la kishua kabisa! Sasa ikitokea moja ya mwaka 1995 inauzwa, dalali lazima akupigie: "Kaka, hii kitonga." Kausha. Kitonga tunayoijua sisi ni mlima, uko mbele ya Ruaha Mbuyuni, na vimeo vyote huumbukia pale.

Mshua ukimwambia, atakujibu nunua kiwanja Kilosa. Akija kuikagua atapiga teke tairi, aseme "zima hili." Teke halisomi tarehe, mshua! Soma namba nne za mwisho pembeni ya tairi: 2314 ni wiki ya 23, mwaka 2014. Hilo ni babu, hata kama halijawa kipara.

Ila mwanangu, ndinga ya kulala inaanza kufa kwenye paa. Panda juu. Ukikuta silikoni mpyaaa imepakwa kwenye maungio, kuna mtu anaficha kitu. Ingia ndani, bonyeza mbao za kona kwa kidole. Zikibonyea, zimeoza. Nusa godoro. Halafu sisi wa Kilosa tunaujua mto Mkondoa ukifura, kwa hiyo vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa. Wanaosha kapeti, wanaosha viti, mkanda wanausahau. Ukitoka na tope, hiyo ilishaogelea. Sepa.

Injini? Ibukia alfajiri bila kupiga simu. Ukikuta boneti ina joto, wameshaiamsha, rudi kesho. Ikiwaka baridi, cheki moshi: wa bluu inakula oili, mweupe usiokata huku maji yanapungua, silinda hedi hiyo, mkwanja mrefu. Kama ni Land Cruiser ya 1HZ, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Jamaa akijiumauma, hesabu mkanda mpya kwenye bei.

Makaratasi ndiyo noma zaidi. Yenye namba za nje mara nyingi iliingia nchini kwa muda, ushuru haujalipwa. Ukijitia umeipata cheap, TRA wanakusubiri na kodi ya uchakavu juu. Namba ya chesisi isome kwenye chuma chenyewe, ilingane na kadi. Picha ya WhatsApp siyo kadi.

Vyote vikikaa fresh, ingia nayo barabara ya hifadhini. Mwendo pale ni wa pole, swala wanavuka. Zima redio, funga vioo, sikiliza gia na beringi. Kisha geuza, mwambie dalali afunge mkanda, twende tukapande Kitonga yake.