Mwanafunzi na Mashauri ya Serikali katika Kitui na Makueni

Katika kaunti za Kitui na Makueni, zinazotazamana ng'ambo na ng'ambo ya Mto Athi, mzazi aghalabu humpeleka mwanawe shuleni akitaraji kwamba siku moja atakuwa na kiti katika ofisi ya serikali. Na mwanafunzi naye, kwa kuwa ameyasikia hayo tangu utotoni, huihesabu serikali kuwa jambo la baadaye, la kungojewa mpaka apate shahada na tangazo la kazi. Nami nasadiki kuwa rai hiyo imetupotezea nguvu nyingi za vijana, maana sheria za Kenya za leo zimemfungulia mwanafunzi milango ya utumishi wa umma hata kabla hajahitimu, na ulio mpana kuliko yote hauulizi shahada, bali wamtaka mtu ajuaye kusoma, kuhesabu na kuandika kwa uaminifu.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 yaiamuru dola, katika ibara ya 55, iwape vijana nafasi ya kushiriki katika siasa na uchumi, na katika ibara ya 196 yalilazimu kila bunge la kaunti kufanya mashauri yake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, Makueni, chini ya gavana wake wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, mwanasheria aliyekuwa amefundisha chuo kikuu, ilijenga utaratibu wa mabaraza unaoanzia kijijini, ukapanda hadi wadi, kisha kaunti ndogo, hata kufikia baraza kuu la wananchi wa kaunti nzima. Na miradi ikawekewa kamati za wenyeji wa kuisimamia, hata kaunti nyingine zikatuma wajumbe kuja kujifunza. Wala mbegu hiyo haikuangukia mwambani, kwa kuwa Wakamba tangu kale walikuwa na nzama, baraza la wazee la kukata mashauri, na mwethya, kazi ya ujima ambayo hata leo huchimba mabwawa na kujenga matuta.

Na tulitazame baraza lenyewe kwa karibu, kwani hapo ndipo mwanafunzi anapohitajika mno. Makadirio ya bajeti ya kaunti ni kitabu kinene, kimeandikwa kwa Kiingereza, kimejaa majedwali, ilhali wazee na akina mama waliokusanyika chini ya mti wanazungumza Kikamba na wana saa chache tu kabla ya kurudi kwa mifugo yao. Ndani ya majedwali hayo mna mstari mmoja uwahusuo: jina la wadi, kisima cha kuchimbwa, na kiasi cha fedha. Kijana akiusoma mstari huo kwa sauti, akaufasiri, kisha akafungua kitabu cha mwaka uliopita akaonyesha kwamba kisima kile kile kiliwekewa fedha na hakikuchimbwa, atakuwa ameitumikia serikali na raia kwa pamoja, na hapana afisa awezaye kulijibu swali hilo kwa maneno matupu.

Kalenda nayo yamsaidia. Sheria yataka mpango wa maendeleo wa kila mwaka upelekwe bungeni ifikapo tarehe 1 Septemba, na makadirio ifikapo tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Na likizo za Agosti na Aprili aghalabu huangukia siku hizo hizo, wakati ambapo wanafunzi wamo nyumbani. Ofisi ikimnyima mwananchi karatasi hizo, iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayompa haki ya kuziomba kwa maandishi.

Kwa walio vyuoni, kama Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, Kitui, ama chuo cha ufundi cha Wote, kuna mafunzo ya nyanjani katika idara za maji, kilimo, afya na hesabu. Mwanafunzi huenda na barua ya chuo, akakabidhiwa kwa afisa, akajua jinsi faili linavyotembea kutoka meza hadi meza. Walakini mafunzo hayo mara nyingi hayana ujira, na mtoto wa maskini wa Mutomo au Kyuso hushindwa na nauli na kodi ya chumba kabla hajashindwa na kazi. Hiyo ni dhuluma, na mabunge ya kaunti yangeweza kuiondoa kwa posho ndogo. Baada ya kuhitimu, Tume ya Utumishi wa Umma nayo ina mpango wa uanagenzi wenye posho.

Lililo karibu kusahauliwa ni ombi rasmi kwa bunge. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe zao, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu kwenda Nairobi kwa miguu kutaka kusikizwa na Gavana, naye akaishia kuhamishiwa Lamu. Leo Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yampa kila mtu haki ya kuliandikia bunge la kaunti akitaka sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Makueni, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 2015 ya kuhifadhi mchanga wa mito. Na kijana aonaye malori yakiubeba usiku mto wa kwao aweza kuandika ombi: aeleze yanayotendeka, ataje ofisi alizoziendea na majibu aliyopewa, aseme kama shauri liko mahakamani, kisha abainishe analolitaka bunge lifanye. Akiwa bado yuko kidato cha tatu na hana kitambulisho, na aiandae rasimu, awasomee majirani, na wazazi wake watie saini wakiandika nambari za vitambulisho vyao.