Neno Limekukosea Nini?

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Methali hiyo niliielewa vyema mwaka wa 2005, nilipokuwa mwalimu chipukizi katika shule moja ya upili karibu na Kiriaini, kule ambako mashamba ya majani chai yanateremka kuelekea Mto Mathioya. Maktaba yetu ilikuwa kabati moja. Humo mlikuwa na nakala 12 za hadithi ambayo ukurasa wake mmoja ulisimulia jinsi msichana wa shule alivyotungwa mimba. Usiku mmoja niliketi nikazifuta aya mbili kwa wino mweusi katika nakala zote. Niliamini kwamba nawalinda watoto wa wenyewe.

Juma moja baadaye niliwakuta wanafunzi wamejazana dirishani, wameuelekeza ukurasa ule kwenye jua ili wasome kilichofichwa na wino. Kurasa nyingine hakuna aliyezijali. Msichana mmoja aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, neno hili limekukosea nini?" Sikuwa na jibu.

Jibu lilinijia baadaye nilipoisoma riwaya ya Mmarekani Ray Bradbury, *Fahrenheit 451*, iliyochapishwa mwaka wa 1953. Humo wazimamoto hawazimi moto. Kazi yao ni kuviteketeza vitabu pamoja na nyumba vilimofichwa. Lakini Beatty, mkuu wao, anafichua siri: moto haukuanzia serikalini. Ulianza watu wenyewe walipofupisha vitabu na kuyaondoa yaliyomuudhi huyu au yule, hata pasibaki la kusomwa.

Kinaya ni kwamba riwaya hiyohiyo ilipatwa na mkasa huo. Kuanzia mwaka wa 1967 mchapishaji wake alitoa toleo la shule, akabadilisha vifungu 75 bila kumwarifu mwandishi. Neno la kuavya mimba liliondolewa. Mlevi akageuzwa mgonjwa. Bradbury aligundua mwaka wa 1979, akadai maneno yake yarejeshwe. Yamkini mhariri yule naye, kama mimi, aliamini kwamba anawalinda watoto wa wenyewe.

Nasi hapa Kenya tusijidai wageni wa jambo hili. Mwaka wa 2013 mchezo wa Shule ya Wasichana ya Butere, *Shackles of Doom*, ulipigwa marufuku katika tamasha la kitaifa la drama, hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Mwaka wa 2025 shule hiyohiyo ilizuiwa kuigiza *Echoes of War*. Mahakama iliamuru waruhusiwe, lakini siku ya maonyesho, huko Nakuru, polisi walifyatua vitoa machozi. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani bila kuigiza.

Sisemi kwamba kila kitabu kinamfaa kila mtoto. Kuchagua kinacholingana na umri ni wajibu wa mwalimu. Katika isimu tuna istilahi ya tasfida, yaani kulisitiri jambo zito kwa maneno ya staha. Tasfida ni adabu ya msemaji kwa hiari yake. Kuyafuta maneno ya mwingine si tasfida; ni kumnyang'anya kauli yake, na kumwambia mwanafunzi kwamba hana akili ya kupima. Isitoshe, neno lililofutwa halifi. Hupata nguvu lisilokuwa nayo awali, huku mwanafunzi akibaki bila mtu wa kumweleza maana yake.

Walimu wenzangu, neno gumu tulifundishe, tusilifute. Nanyi wanafunzi, ulizeni kama alivyouliza yule msichana. Popote alipo leo, ningependa ajue kwamba neno lile halikunikosea lolote. Mimi ndiye niliyelikosea, nikawakosea na wao.