Tulifuata Kitambaa Zhongda, Tukarudi na Somo la Umeme

Anayeijua Guangzhou anaijua Zhongda: soko la vitambaa wilaya ya Haizhu, majora juu ya majora, na baiskeli za umeme za matairi matatu zinakupigia honi mgongoni. Jina limetokana na Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen kilicho jirani, ambacho Wachina hukiita Zhongda kwa kifupi. Nilikwenda kutafuta kitambaa cha mabuibui kwa duka letu la Maskat, nikamchukua na mwanangu wa miaka 13 kwa kuwa skuli zimefungwa.

Wiki moja kabla ya safari mama yake alimkuta na bisibisi mbele ya soketi ya ukutani. Eti anataka kuona umeme unavyoliwa. Volti 240 hizo, jamani! Nilimgombeza, bisibisi nikaificha, lakini suali lake likabaki. Kwenye mtihani alikuwa kaandika kwamba globu mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, ya kwanza hula umeme na ya pili hubakiziwa. Kakosa. Nikiri, na mie nilidhani hivyo hivyo.

Basi tumekaa dukani tunangoja tuletewe nyeusi nyengine (Zhongda nyeusi hazihesabiki), akafungua laptopu. Mwalimu wake kawapa kazi ya likizo kwa PhET, maigizo ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yaliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia wa 2001. Ni ya bure, na ukishayapakua huhitaji intaneti.

Akaunga betri, waya na globu mbili. Vidoti vya buluu vikaanza kutembea ndani ya waya.

"Pima kabla ya globu ya kwanza," nikamwambia. "Sasa katikati. Sasa mwisho."

Namba ile ile mara tatu. Akanyamaza.

"Baba, mbona zinawaka sawasawa?"

Kumbe mkondo haupungui njiani. Vidoti vyote vinarudi kwenye betri. Kinachoachwa kwenye globu ni nishati. Halafu akaunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, moto ukaripuka kwenye kioo. Hapo nikamkumbusha bisibisi.

Wapo watakaosema huu ni mchezo, si maabara. Lakini mwaka 2005 watafiti wa Colorado walichapisha utafiti: wanafunzi waliotumia igizo la saketi waliwashinda wenzao waliotumia vifaa vya kweli, hata kwenye kuunga saketi ya kweli na kuieleza. Ila mtoto asiachiwe peke yake. Bila ya suali la kumuongoza, atabofya tu.

Jioni tulinunua betri ndogo za volti 1.5, waya na globu mbili za tochi. Hotelini tukazima taa. Zikawaka, hafifu lakini sawasawa, akampigia mama yake amuonyeshe.

Nyeusi yenyewe tuliipata kesho yake.