Trei za Mayai Hazizuii Mvua: Kweli na Uongo Kuhusu Kurekodi Gitaa Nyumbani

Kama unapiga gitaa Lubumbashi, uwe komini ya Katuba, Kamalondo au Kenya, haya umeshayasikia. Unapata amplifaya ndogo ya mazoezi, ile ya kidijitali inayoiga sauti za amplifaya kubwa, na kabla hujarekodi hata wimbo mmoja, kila anayepita mlangoni amekuwa fundi mitambo. Basi tuyapime maneno yao.

"Spika ni ndogo, utarekodi sauti ya redio ya mfukoni."

Uongo. Spika ya inchi 8, kama ya Fender Mustang LT25, kweli haina besi ya kutosha chumbani. Lakini ukirekodi kwa waya wa USB, spika hiyo haimo kazini. Chipu iliyo ndani hukokotoa sauti ya amplifaya kubwa na spika zake, kisha huipeleka moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwa hiyo usiihukumu kabla hujavaa hedifoni. Haina USB? Tazama tundu la hedifoni: kwenye Roland Micro Cube, tundu hilo limewekwa kwa ajili ya kurekodia pia.

"Fungulia mpaka mwisho, ndipo sauti inaiva."

Uongo kwa mashine hii, ingawa aliyekuambia hakukudanganya. Amplifaya za zamani za valvu zilikuwa hivyo hasa: ukizisukuma kwa nguvu, valvu na spika zenyewe zilianza kukwaruza kwa utamu ambao wapiga gitaa wa rock waliupenda. Kwenye ya kidijitali, mkwaruzo huo ni hesabu tu. Unaupata hata mtoto akiwa amelala chumba cha pili. Hatari iko upande wa kompyuta. Sifuri ya desibeli ndiyo dari, na sauti ikiigonga inapasuka vibaya, bila dawa. Acha vilele vyako kati ya -12 na -6, na usiogope kwamba ni chini mno: kurekodi kwa biti 24 kuna nafasi tele, utaipandisha baadaye.

Kuna chembe ya ukweli hapa, hata hivyo. Sikio letu husikia besi hafifu zaidi sauti inapokuwa chini. Ukiongeza besi usiku kwa sauti ya kunong'ona, kesho mchana wimbo utavuma kama lori la madini.

"Bandika trei za mayai ukutani, kelele hazitaingia."

Uongo mtupu, na sijui ni nani aliyeueneza Afrika nzima. Kinachozuia kelele ni uzito, na karatasi ya trei haina uzito wowote. Mvua ya Januari ikianza kupiga bati, trei hazitakusaidia lolote. Godoro na blanketi nzito nazo hazizuii mvua, ila hupunguza mwangwi wa chumba. Hilo lina maana ukitumia maikrofoni. Ukirekodi kwa waya, hata mvua inyeshe, haisikiki kwenye wimbo.

"Inanguruma kwa sababu ni ya bei rahisi."

Mara nyingi uongo. Mngurumo ule ni umeme wenyewe, wa hezi 50, unaoingia kupitia chaja ya kompyuta au pikapu za gitaa lako. Chomoa chaja, utumie betri. Kisha geuka na gitaa lako taratibu pale ulipokaa. Kuna upande ambao ngurumo hupungua sana. SNEL, shirika la umeme, wakikata umeme, usinung'unike haraka: Yamaha THR10 hutumia betri 8 za kawaida, na hapo hakuna mngurumo wa ukutani kabisa.

"Kompyuta inachelewesha sauti."

Kweli. Ila kuchelewa kwa milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, na hilo umelizoea. Kukizidi sana, zima sauti ya gitaa inayorudi kutoka kwenye programu, jisikilize kwenye amplifaya yenyewe.

"Sauti iko kwenye vidole."

Kweli, na hapa wazee wa Katanga wapewe heshima yao. Mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo. Gitaa kavu, kidole gumba na cha shahada. Wimbo "Masanga" ulitoka hapo, na wapiga gitaa wa nchi za mbali bado wanajaribu kuufuatisha.

Ukitaka kupiga mtindo huo kwenye amplifaya yako, jihadhari na mkwaruzo mwingi: unabana sauti kubwa na ndogo zikawa sawa, gumba na shahada visitofautiane tena. Chagua sauti safi. Mwangwi wa bandia nao uuzime wakati wa kurekodi, uuongeze baadaye kwenye kompyuta, kwa sababu ukishaingia kwenye rekodi hautoki. Na nyuzi zenye kutu zibadilishe kwanza. Hakuna chipu inayoiga nyuzi mpya.