BESENI MOJA LA KUNAWIA: MARADHI YANAVYOSAMBAA CHEKECHEA

Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.) aliyeturuzuku watoto na kuwafanya kuwa amana mikononi mwetu. Leo katika safu yetu ya afya na usafi tuwafuate watoto hao chekechea, tuitazame siku yao inavyokwenda, kisha tujiulize swali moja: kabla hawajala, mikono yao huoshwaje?

Swali laonekana dogo, lakini sivyo. Kuharisha hadi leo ni miongoni mwa maradhi yanayoua kwa wingi watoto walio chini ya umri wa miaka mitano duniani. Vimelea vinavyoleta ugonjwa huo hutoka katika kinyesi na kuishia mdomoni, na mara nyingi hubebwa na mikono.

Siku ya mtoto chekechea

Chekechea ndani ya madrasa si jambo geni kwetu. Mwaka 1986, baada ya viongozi wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya kuomba msaada wa kuinua elimu ya watoto wao, darasa la kwanza la mpango wa chekechea za madrasa lilifunguliwa Liwatoni, Mombasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa kina mama wa mitaa hiyo hiyo, na vifaa vya kufundishia vilikuwa vile vinavyopatikana karibu: vifuu, mbegu, visoda, vijiti na vitambaa.

Ukiingia katika darasa la namna hiyo utawakuta watoto wamekaa duara wakisoma dua. Wakimaliza, wengine wanahesabu visoda, wengine wanapika chakula cha kuigiza kwa vifuu, na wengine wako nje wanachota mchanga. Mmoja anafuta kamasi kwa kiganja, mwingine ndiyo kwanza anatoka chooni. Kisha kengele inalia, ni wakati wa uji.

Mtoto wa miaka minne anajifunza kwa mikono yake. Kumkataza mchanga na visoda ni sawa na kumnyima masomo. Basi tusimzuie kucheza, bali tumnawishe vizuri baada ya kucheza.

Tatizo la beseni

Katika chekechea nyingi, na hata majumbani mwetu, huletwa beseni moja la maji. Mtoto wa kwanza anatumbukiza mikono, wa pili anafuata, mpaka wa thelathini. Mara nyingi hata sabuni haipo. Wakitoka hapo wanajifuta kwa taulo moja. Mtoto aliyekuja na mikono safi anaondoka na uchafu wa wenzake, na taulo lile linaweza kumpa macho mekundu au trakoma, ugonjwa ambao ukirudiarudia kwa miaka huleta upofu.

Hapa sisi Waislamu tuna mafundisho ya wazi. Mtume (s.a.w.) amemwelekeza anayeamka usingizini asitumbukize mkono chomboni mpaka auoshe mara tatu, kwa kuwa hajui mkono huo ulilala wapi. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa mtu mzima aliyelala tu anatakiwa atahadhari hivyo, vipi mtoto aliyetoka chooni na mchangani?

Aidha, wapo wanaodhani kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara. Hiyo si kweli. Ni najisi kama cha mtu mzima, na hubeba vimelea vile vile. Kitupwe chooni, na aliyemsafisha mtoto anawe kwa sabuni.

Kibuyu chirizi

Dawa ya beseni ni maji yanayotiririka, na si lazima uwe na bomba. Chukua dumu la lita tano lililo safi. Toboa tundu dogo kwa msumari uliopashwa moto, sentimita chache chini ya mfuniko. Simika nguzo mbili zenye panda, pitisha mti katika mkono wa dumu na uulaze juu ya panda hizo. Funga kamba shingoni mwa dumu na uishushe hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Mtoto akikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Jaza maji mpaka chini kidogo ya tundu. Toboa kipande cha sabuni na ukining'inize pembeni. Chini mwaga kokoto ili pasifanyike dimbwi la kuzalia mbu. Kimo kiwe cha mtoto, si cha mwalimu.

Faida yake ni kwamba mkono haugusi dumu, na maji yaliyotumika hayarudi kwa mwingine. Mtoto asugue viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha kwa sekunde 20 hivi, kisha aipunge mikono ikaukie hewani. Utafiti umeonesha kuwa kunawa kwa sabuni hupunguza kuharisha kwa karibu theluthi moja.

Mwalimu alifanye hili kuwa somo la kila siku. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto mdogo, mkono wake ukizunguka huku na huku katika sahani. Mtume (s.a.w.) alimfundisha pale pale penye chakula: ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Adabu hufundishwa kwenye tendo lenyewe, na kunawa ni vivyo hivyo.

Wajibu wa wazazi

Chekechea ni ya jamii nzima, mwalimu peke yake hawezi. Kamati ya wazazi itoe dumu, kamba na sabuni, na ipange zamu ya kujaza maji. Nyumbani, mama na baba wakate kucha za mtoto kila wiki, wampe kikombe chake chenye jina, na wamvalishe viatu anapokwenda chooni na kucheza nje, kwa sababu safura huingia kupitia nyayo.

Mtoto anayeharisha abaki nyumbani mpaka zipite siku mbili tangu kuharisha kukome. Mpe maji ya ORS, ukichanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na uendelee kumlisha na kumnyonyesha. Kituo cha afya kitakupa vidonge vya zinki, navyo vitumike siku zote ulizoelekezwa, hata kama kuharisha kumekoma mapema. Ukiona damu katika choo, macho yaliyoingia ndani, mtoto analegea, anatapika kila kitu au anashindwa kunywa, usisubiri kesho. Mpeleke hospitali saa ile ile.

Ndugu msomaji, Ijumaa hii ukitoka msikitini pitia chekechea ya mtaani kwako uangalie wananawa kwa nini. Ukikuta beseni, dumu moja na msumari vinatosha kuanza. Hiyo nayo ni sadaka, insha Allah.