SOMO LA REDIO: KIFAA CHA UMEME KWA MAUMIVU YA MGONGO

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: ugwe, fahamu, majaribio, ridhaa. Yote tutayakuta katika somo la leo.

Leo tutaeleza habari za kifaa kidogo cha umeme ambacho madaktari hukitia mwilini mwa mtu mwenye maumivu ya mgongo ya siku nyingi. Kifaa hiki hutumika zaidi Marekani na Ulaya. Bei yake ni kubwa, na kukitia ni lazima mtu apasuliwe. Basi daktari akimwambia mgonjwa, "Yafaa tukutie kifaa," mgonjwa ajibu nini? Hilo ndilo swali letu.

1. Maumivu husafiri namna gani?

Ndani ya pingili za mgongo umo ugwe, yaani kamba laini itokayo kwenye ubongo na kushuka mpaka karibu na kiuno. Ukikanyaga mwiba, mishipa ya fahamu ya mguu hupeleka habari kwenye ugwe, na ugwe huipeleka kwenye ubongo. Hapo ndipo usemapo, "Naumia!"

Habari hiyo ina faida, maana hutuonya. Lakini kwa watu wengine mishipa yenyewe huharibika, na pengine maumivu hubaki hata baada ya mgongo kupasuliwa. Mwiba haupo tena, lakini mishipa yaendelea kupiga kelele. Maumivu ya namna hiyo huwaka kama moto, au hushuka mguuni kama mtu aliyepigwa na umeme. Yakipita miezi 3, madaktari huyaita maumivu ya kudumu.

2. Kifaa chafanya kazi gani?

Mtoto akijigonga goti, hulisugua, na maumivu hupungua. Kwa nini? Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba katika ugwe mna kitu kama mlango. Habari za kuguswa zikipita kwa wingi, mlango huzifungia njia habari za maumivu. Mwaka 1967 daktari mmoja wa Cleveland, Marekani, jina lake Norman Shealy, alijaribu kuufunga mlango huo kwa umeme. Alimtia kifaa mgonjwa aliyekuwa na maumivu ya saratani. Tangu siku hizo vifaa vimebadilika sana.

Kifaa cha sasa kina sehemu tatu. Kwanza, nyaya nyembamba ziwekwazo ndani ya mfereji wa mgongo, karibu na ugwe. Pili, betri yenye mtambo mdogo, itiwayo chini ya ngozi ya tako au ya tumbo. Tatu, kidude cha mkononi cha kuongeza na kupunguza umeme. Vifaa vingine humfanya mtu asikie mwili ukimsisimka, na vingine hasikii kitu.

Lishikeni neno hili: kifaa hakiponyi mgongo. Pingili iliyochakaa itabaki imechakaa. Kifaa hugeuza habari ya maumivu tu. Kwa hiyo hakifai kwa kila mgongo unaouma. Huko Uingereza, mwongozo wa taasisi iitwayo NICE, wa mwaka 2008, wataka mambo matatu: maumivu yawe ya mishipa ya fahamu, yawe makali kwa miezi 6 au zaidi ingawa mtu ametibiwa vizuri, na kwanza yafanywe majaribio, nayo yafaulu.

3. Siku za majaribio

Katika majaribio, nyaya hutiwa kwa sindano, lakini betri hubaki nje, imefungwa mkandani. Mgonjwa hurudi nyumbani akaishi nayo kwa siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili. Madaktari wengi husema majaribio yamefaulu maumivu yakipungua kwa nusu au zaidi. Yasipofaulu, kwa kawaida nyaya huvutwa zikatoka.

Hapa ndipo kuandika kunapofaa. Kila jioni mgonjwa aandike: Leo nimetembea mpaka wapi? Nimelala saa ngapi? Nimeweza kuketi mpaka chakula kikaisha? Nimemeza vidonge vingapi? Aanze kuandika wiki moja kabla ya majaribio, apate kulinganisha. Na mtu wa nyumbani mwake aandike aonavyo yeye, maana mwenye matumaini makubwa huweza kujidanganya.

4. Uchunguzi wasema nini?

Mwaka 2007 ilitangazwa habari ya wagonjwa 100 waliobaki na maumivu ya mguu baada ya kupasuliwa mgongo. Baada ya miezi 6, karibu nusu ya waliopewa kifaa walipungukiwa na nusu ya maumivu ya mguu au zaidi. Kwa waliopewa matibabu ya kawaida tu, walikuwa 9 katika kila 100. Hiyo ni habari njema. Lakini kila mgonjwa alijua kama ana kifaa au hana.

Madaktari wa Norwei wakafanya vingine. Waliwachukua wagonjwa 50 waliokwisha faulu majaribio na kutiwa kifaa. Kwa miezi kadhaa kifaa kiliwashwa, na kwa miezi kadhaa kikazimwa. Umeme wenyewe ulikuwa wa namna isiyosikika mwilini, hata mgonjwa asijue kama unapita. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Wagonjwa walipata nafuu kidogo nyakati zote mbili, na hapakuwa na tofauti ya maana. Habari hii ni ya umeme wa namna ile tu, lakini yatufundisha kwamba matumaini nayo hutuliza maumivu. Ndiyo sababu tumesema: andika.

5. Hatari zake

Waya huweza kuhama. Vijidudu huweza kuingia kwenye kidonda. Pahali penye betri huweza kuuma. Mara chache ugwe wenyewe huumizwa. Katika ule uchunguzi wa mwaka 2007, watu 84 walitiwa kifaa, na katika muda wa mwaka mmoja 27 walipata matatizo ya kifaa. Tena betri huchoka, na kuibadili ni kupasuliwa tena.

6. Ridhaa

Ridhaa ni kukubali baada ya kuelewa. Anayetia sahihi bila kuelewa hajaridhia. Kabla ya kutia sahihi, mgonjwa amwulize daktari:

Je, maumivu yangu ni ya mishipa ya fahamu? Umejuaje?
Ni matibabu gani ambayo sijayajaribu bado?
Wagonjwa wako wangapi waliomba kifaa kitolewe, na kwa sababu gani?
Betri itadumu miaka mingapi, na nani atalipa ya pili?
Nikiwa na kifaa, naweza kupigwa picha kwa mashine ya MRI?

Hana haja ya kujibu siku ile ile. Maumivu ya kudumu hutesa, lakini humpa mtu nafasi ya kufikiri. Ila mtu akishindwa ghafula kuzuia mkojo, au miguu yake ikilegea, asingoje. Hilo ni jambo jingine, na aende hospitali mara moja.

Maswali ya kuzungumza darasani

(a) Kwa nini tumesema kifaa hakiponyi mgongo?
(b) Kwa nini madaktari wa Norwei hawakutaka wagonjwa wajue kama umeme unapita?
(c) Mtu mmoja asema maumivu yamepungua, lakini bado hawezi kutembea mpaka sokoni. Je, majaribio yake yamefaulu? Kila mtu atoe sababu zake.

Somo letu limekwisha. Kwaherini.